Mchaichai: mnachemsha au mnamwagia maji ya moto na kufunika? Mama mkwe kanisuta

#1 Mke wa Msambaa
Wakuu, habari za jioni.

Wiki ya pili hii nyumba nzima tunapokezana mafua. Dawa yangu ni ile ile miaka yote: mchaichai fungu moja, tangawizi mbichi naiponda na maganda yake, karafuu nne tano, vyote sufuriani, nusu saa jikoni bila mfuniko mpaka maji yawe ya kahawia na jirani aulize leo mnapika nini. Nikishamimina natia ndimu na asali.

Juzi mama mkwe kashuka kutoka Muheza. Kaingia jikoni, kanusa, kachukua mfuniko kaubamiza juu ya sufuria. "Mama Neema, hiyo dawa unainywesha dari." Kwake mchaichai hauchemshwi. Unaukunja fundo, unatia kwenye birika, unamwagia maji yanayotokota, unafunika, juu unaweka kitambaa, unasubiri kwa muda wa kuchagua mchele wa mlo mmoja. Kinachochemshwa ni tangawizi, tena peke yake.

Sikumjibu, mambo ya ukweni mnayajua. Naomba kujua nani yuko sahihi. Na la pili ambalo sikuthubutu kumuuliza: haya maji yanatibu kitu, au tunajifariji tu?

#2 Kobe Mzee
Ukweni siku zote wako sahihi. Mods fungeni uzi.

#3 Fundi Bomba
Nakaa hapa. Ngoja waje Wapemba na karafuu zao.

#4 Dada wa Duka la Dawa
Mama mkwe anajua anachosema, ingawa sidhani kama aliwahi kusomea.

Mchaichai harufu yake inatoka kwenye mafuta mepesi ndani ya jani. Ukikunja jani mafuta yanatoka, ukiliacha litokote wazi yanaondoka na mvuke. Ndiyo maana nyumba inanukia vizuri halafu kikombe kina ladha ya nyasi. Majani laini na maua, yaani mchaichai, mrehani, mnanaa, mwagia maji ufunike dakika kumi. Vitu vigumu kama mizizi, magome na mbegu nzima, hivyo chemsha, maana maji ya kumwagia hayafiki ndani.

Tangawizi ina mambo yake. Mbichi ina ukali wa aina moja, ikikaushwa au ikipikwa sana sehemu ya ukali ule inageuka kuwa ukali mwingine unaochoma zaidi kooni. Ndiyo sababu ya unga inawasha kuliko mbichi. Kuichemsha hakuiharibu.

Swali la pili naliacha kwa wengine, wateja wangu wamo humu 😄

#5 Nusu Mkate
Dada #4, hapo pa mafuta kuondoka sijaelewa. Kitu kikuu kwenye mafuta ya mchaichai kinaitwa sitrali, na kinachemka kwenye nyuzi 229 hivi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kitu cha 229 kinaondokaje kwenye sufuria ya 100? Hii naona ni chai.

#6 Fundi Bomba
Uzi wa chai umeanza kujaa chai. Haya.

#7 Mtoto wa Wawi
Tumeitwa tumekuja.

@Nusu Mkate, mimi kwetu Chake Chake, Wawi, pale penye kiwanda cha mafuta ya karafuu. Wanachukua makonyo, vile vijiti karafuu zinakoshikia, wanayapitishia mvuke wa maji na mafuta yanatoka. Mafuta ya karafuu yanachemka juu zaidi ya hayo yako ya mchaichai, kupita nyuzi 250, na mvuke unayabeba hivyo hivyo. Si lazima kitu kifike kiwango chake cha kuchemka ndio kiondoke, mvuke wa maji unakipa lifti. Jiko la dada hapo juu ni kiwanda kidogo, kasoro hakina bomba la kukusanyia. Dari ndiyo inakusanya.

Kwa hiyo mama wa Muheza kasema sawasawa.

#8 Nusu Mkate
Sawa, hapo umenipata. Nafuta neno chai.

#9 Msukuma wa Kahama
Mnamuonea mwenye uzi. Kama mafuta yanaondoka na mvuke na yeye yuko jikoni anauvuta kwa pua, basi dawa imeingia kwa njia ya mkato! Mafua yako puani, hayako tumboni. Kikombe ni cha kupasha koo, tiba ameshaipata akiwa anakoroga.

Mimi sinywi kabisa, napiga nyungu. Majani ya mkaratusi, mchaichai, mlimau, blanketi juu, dakika kumi. Natoka kama nimezaliwa upya.

#10 Bi Mdogo wa Ilala
@Msukuma wa Kahama nyungu muifanye kwa akili jamani. 2020 na 2021, wakati wa korona, kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na sufuria chini ya blanketi. Mpwa wangu wa miaka sita aliwekwa kwenye kigoda, sufuria imewekwa sakafuni mbele yake, akashtuka moshi ulipomwingia machoni, akapiga sufuria teke. Paja lote mpaka leo lina ramani. Mafua yenyewe yalikuwa ya siku tatu.

Mtu mzima afanye atakavyo. Mtoto hapana.

#11 Msukuma wa Kahama
Pole sana dada. Kwa mtoto nakubali, mimi naongelea mizee kama mimi.

#12 Kiprono wa Kitale
Wadau wa Bongo hamjambo. Huku Kenya ukienda hotelini useme "niletee dawa" unaletewa tangawizi, ndimu na asali kwenye maji moto. Hakuna mtu anauliza dawa ya nini. Kwangu watoto wakiwa na homa nawapa hiyo jioni mbili, asubuhi wako fiti wanaenda shule.

#13 Bi Mdogo wa Ilala
@Kiprono wa Kitale mtoto ana HOMA unampa ndimu na asali?! Peleka akapimwe malaria ndugu yangu.

#14 Kiprono wa Kitale
Malaria ya nini tena? Homa tu, kamasi na kupiga chafya.

#15 Dada wa Duka la Dawa
Tulieni, Kiswahili kinawagombanisha. Kwa wenzetu Kenya "homa" ni haya mafua. Kwetu homa ni mwili kuwa wa moto. Kwa hiyo Kiprono yuko salama, na Bi Mdogo yuko salama. Lakini mtu wa Tandika akisoma #12 na mwanawe anaungua mwili, asikimbilie ndimu. Akapime.

Halafu asali: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu, ndani ya la kichanga vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Ni nadra, ila ikitokea si ya kutibu nyumbani.

#16 Mama Pacha
Asante dada wa dawa. Je, mchaichai wenyewe bila asali kwa mtoto wa miezi minne mwenye chango? Bibi yake ananishinikiza nimpe kijiko asubuhi na jioni.

#17 Dada wa Duka la Dawa
Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji ya kawaida bado. Mwambie bibi mchaichai unywe wewe, ujumbe utafika kwa njia ya ziwa 😄 Nikiacha utani, chango la miezi hiyo mara nyingi huisha lenyewe mtoto akikua. Akiwa analia hanyonyi, au tumbo limevimba na kuwa gumu, hiyo si kesi ya uzi.

#18 Mzee Kigoda
Vijana, mnaongea kana kwamba mchaichai ulishuka kutoka mbinguni ukiwa dawa. Niwaambie ulivyoingia kwetu.

Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mkanda wenyewe ulifungwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nilikuwa kijana wa kutumwa dukani Morogoro, na dukani hakuna kitu. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni. Majani ya chai ukiyapata unayaanika unayarudia mara ya pili. Mama akapanda mchaichai nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, ukanenepa kama mabua. Tukawa tunakunywa asubuhi badala ya chai. Sukari hakuna, tunatafunia kipande cha muwa au kiazi kitamu.

Hakuna aliyesema ni dawa. Ilikuwa shida. Nimeanza kusikia "mchaichai unatibu" nikiwa na wajukuu, tena kutoka kwa watu wanaouza kwenye pakiti.

Na tulikuwa tunauchemsha. Mfuniko wa sufuria ulikuwa umeliwa na kutu.

#19 Kobe Mzee
@Mzee Kigoda shikamoo. Hii iwekwe kwenye uzi wake.

#20 Mke wa Msambaa
Shikamoo mzee. Sasa nimchague nani, wewe au mama mkwe?

#21 Mzee Kigoda
Marahaba. Mimi sikuoi na sikuozeshi mtu. Mchague mama mkwe.

#22 Mtoto wa Wawi
Kwa heshima zote mzee, Morogoro labda. Kwetu Pemba bibi zetu walikuwa wanautumia mchaichai kwa mwenye homa na tumbo kabla ya foleni hizo. Shida iliwakuta nyinyi, sisi tulikuwa nao uani.

#23 Mzee Kigoda
Kwenu pia foleni zilikuwepo, usinifanye nicheke na meno sina.

#24 Bint Maskati
Salaam aleikum. Niko Maskati mwaka wa tisa, asili yetu Unguja. Huko mna njia mbili tu za kupika dawa, lakini wenyeji wa huku wana ya tatu.

Zaatari ya milimani, ile inayoota Jabal Akhdar, wanaitia kwenye maji ya moto au maziwa, mtu akiwa na kifua au tumbo. Hiyo ni kama ya mama mkwe. Lakini ubani, ule mzuri mweupe unaoelekea ukijani, hawauchemshi wala hawaumwagii maji ya moto. Wanatia punje chache kwenye glasi ya maji baridi jioni, asubuhi maji yamekuwa meupe kama ya mchele, wanakunywa. Mama mwenye nyumba alinifundisha. Ladha yake kama kulamba mti wa Krismasi wa dukani, Mola anisamehe.

Kwa hiyo si kila kitu kinataka moto.

#25 Nusu Mkate
Hapo kwenye baridi pana hadithi kubwa. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo, ndani yake mna kitu kilichotolewa kwenye jani la artemisia. Aliyekigundua ni mama wa Kichina, Tu Youyou, akapewa Nobel 2011. Walichemsha wakashindwa, wakachemsha wakashindwa, mpaka aliposoma kitabu cha zamani.

#26 Dada wa Duka la Dawa
Nobel ni 2015. Ya 2011 ilikuwa tuzo nyingine, ya Lasker ya Marekani. Mengine ni sahihi, na ni matamu zaidi ya ulivyosema. Kitabu ni cha Ge Hong, karne ya 4, kinasema chukua konzi ya jani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa juisi. Hakisemi chemsha. Mama akajiuliza, isije ikawa moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na hapo dawa ikatoka nzima.

#27 Msukuma wa Kahama
SASA! Kwa nini basi tunakatazwa kunywa chai ya artemisia? Shamba langu ninayo, naichemsha, malaria sijaiona tangu 2019. Mei 2020 serikali yetu si ilituma ndege Madagaska kufuata ile ya chupa?

#28 Dada wa Duka la Dawa
Ile ya chupa ililetwa kwa ajili ya korona, siyo malaria, usichanganye. Kuhusu malaria, WHO hawashauri chai ya jani. Kikombe kimoja hakina kipimo: leo jani limekauka, kesho bichi, huyu kachemsha, yule kaloweka. Ukipata dawa kidogo, vimelea wengine hawafi, wanaizoea, na siku tunaihitaji ile ya vidonge itakuwa imechoka. Hilo ni langu na lako na la mtoto wa jirani yako.

#29 Msukuma wa Kahama
Na mimi ambaye sijaugua tangu 2019 unaniweka wapi?

#30 Kobe Mzee
Una chandarua?

#31 Msukuma wa Kahama
Ninacho.

#32 Kobe Mzee
😂😂😂

#33 Msukuma wa Kahama
Chandarua kina matundu ya kupita bata. Ni artemisia.

#34 Mnyalu Halisi
Mnanikumbusha kikombe cha Babu wa Loliondo 2010. Buku moja, unakunywa, unarudi nyumbani. Nilikaa kwenye foleni ya magari siku tatu na mama yangu mwenye kisukari.

#35 Fundi Bomba
Ilikuwa 2011, na bei ilikuwa shilingi 500. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijiji cha Samunge. Mti ulikuwa mugariga, na ULIKUWA UNACHEMSHWA, kwa mapipa. Mzee alifariki 2021. Mama anaendeleaje?

#36 Mnyalu Halisi
Shukrani kwa masahihisho, huenda buku lilikuwa na nauli ya bodaboda akilini mwangu. Mama alirudi amechangamka sana. Akaacha vidonge. Mwezi wa pili sukari ikampanda akalazwa. Alitoka, akaendelea na vidonge vyake, akaishi miaka minane mingine. Hakuwahi kumlaumu Babu. Alikuwa anasema ile safari ndiyo ilimponya, kwa sababu watoto wote wanne tulikuwa naye ndani ya gari moja siku tatu.

#37 Mama Pacha
Pole mkuu. Nimesoma mara mbili.

#38 Choya ya Dodoma
Kwa kuwa tumefika kwenye vidonge, nitoe yangu. Mimi ni mtu wa presha, natumia kidonge cha kukojoza kila asubuhi. Dada yangu Kondoa akanitumia gunia dogo la choya, akasema inashusha presha. Kweli, nikaanza jagi zima kwa siku, nyekundu kama damu, bila sukari. Wiki ya pili, kituoni, nimesimama nasubiri daladala, mbele kukawa na nyota, nikajikuta nimekaa kwenye ndoo ya muuza samaki. Nesi wa kliniki kunipima, 92 kwa 58. Akaniuliza nimebadilisha nini. Nikasema sijabadilisha kitu. Kwa sababu choya kichwani mwangu haikuwa dawa, ilikuwa juisi!

Sasa wanaosema hivi vitu havifanyi kazi, waje wanieleze nilikaaje kwenye ndoo ya samaki.

#39 Dada wa Duka la Dawa
Ushuhuda bora wa uzi huu. Choya imefanyiwa majaribio na inashusha presha kiasi. Tatizo ni kuipandisha juu ya kidonge bila mtu kujua. Mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, nanyi tangawizi nyingi ya kila siku semeni kwa daktari. Na wajawazito wenye vidonge vya kuongeza damu: msivimeze na chai ya majani, ya rangi au ya maziwa. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie. Pisheni saa moja mbili.

#40 Mama Kijacho
Dada na mimi ni mjamzito wiki ya kumi, natapika mpaka nyongo. Tangawizi vipi?

#41 Dada wa Duka la Dawa
Kidogo inasaidia kichefuchefu, kipande cha ncha ya kidole gumba kwenye kikombe, mara mbili tatu kwa siku, kunywa kwa mafunda. Ukiwa hata maji hayakai, mkojo umekuwa wa kahawia, nenda hospitali leo. Mshubiri na mwarobaini usiguse, hata kama shangazi kasema.

#42 Mnyalu Halisi
Mwarobaini maradhi arobaini, shangazi ana arobaini na moja.

#43 Karani wa Kariakoo
Hakuna aliyegusa mdalasini na mimi ndio kazi yangu. Mnanunua mnachemsha bila kujua mnachemsha nini. Sokoni iko miwili. Wa Unguja umejikunja kama sigara ya magazeti, ndani mikunjo mingi myembamba, ukibana kwa vidole unavunjika kama biskuti. Mwingine unatoka nje, gome moja nene gumu, limejikunja pande mbili kama mbao iliyolowa, ukilipiga mezani linalia. Huo wa pili ni mkali zaidi na wa bei nafuu, na wengi ndio mnao majumbani. Una kitu kinaitwa kumarini kwa wingi, ukinywa vijiko kila siku kwa miezi unaweza kusumbua ini. Kwenye pilau hauna neno. Ila wale wa "kijiko cha mdalasini kila asubuhi kupunguza tumbo" waangalie wamenunua upi.

#44 Fundi Bomba
Karani umetisha. Nimekimbilia jikoni. Wangu unalia.

#45 Kobe Mzee
Wangu ni unga. Analia mwenye duka.

#46 Binamu wa Tabora
Habari wana uzi. Nitachafua hewa kidogo. Baba yangu mdogo alikuwa na kikohozi. Tangawizi na asali, sawa. Kitunguu saumu kwenye chai, sawa. Majani ya mpera, yale ya kuharisha, nayo akanywa kwa kikohozi. Kila kikombe kilimpa nafuu ya usiku mmoja, na hiyo nafuu ndiyo iliyotuponza. Miezi mitatu. Suruali ikaanza kushikiliwa na kamba. Alipopimwa makohozi ni kifua kikuu. Dawa ni bure, miezi sita, amemaliza, amenenepa, sasa anasema yeye ni kijana. Lakini kwa miezi ile mitatu alikuwa analala chumba kimoja na wajukuu wawili.

Kikohozi kikipita wiki mbili kapime. Ukirudi endelea na tangawizi yako.

#47 Mke wa Msambaa
@Binamu wa Tabora umenishtua, mimi ni wiki ya pili hii. Ila sisi ni kamasi, kikohozi hakipo. Nitachunguza.

#48 Majani ya Mpera
Nimeitwa jina. Mpera kwa kuharisha unakausha kweli, ule ukakasi unaousikia mdomoni ndio huo huo unafanya kazi tumboni. Lakini anayeua kwenye kuharisha ni ukavu wa maji. Maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kufuta, chumvi nusu kijiko kidogo. Au ile pakiti ya dukani, na mtoto apewe na zinki. Mpera uje baadaye.

#49 Msukuma wa Kahama
Tukiwa na mchaichai bado: ukipanda karibu na nyumba nyoka hawaji. Hii haina ubishi.

#50 Mtoto wa Wawi
Ina ubishi mkubwa. Sisi tunaambiwa usipande karibu na mlango maana nyoka wanapenda kulala kwenye mashina yake, kuna ubaridi.

#51 Mzee Kigoda
Wetu wa nyuma ya bafu ulikuwa na nyoka mmoja tu, tena mpole. Ila mbu hawakupungua hata kidogo.

#52 Nusu Mkate
Wa mbu ni ndugu yake mchaichai, ule wanaotengenezea mafuta ya kupaka. Si huu wa chai. Na hata huo mpaka ukamuliwe, ukikaa tu shambani mbu wanautua wanapumzika.

#53 Bint Maskati
Mwenye uzi uko wapi? Mama mkwe kaondoka?

#54 Mke wa Msambaa
Nipo, narudi na matokeo.

Jana jioni nilifanya mtihani. Sufuria moja kwa njia yangu, kila kitu nusu saa, wazi. Pili nikachemsha tangawizi na karafuu robo saa, nikamwagia kwenye chupa ya chai yenye mchaichai uliokunjwa fundo, nikafunga kifuniko dakika kumi. Vikombe vinafanana. Sikuwaambia ipi ni ipi.

Mume kanusa tu, akasema hii ya pili ni ya nyumbani, akamaliza. Neema kachagua ile niliyozidisha asali. Mama mkwe kaonja ya kwanza, akakaa nayo mdomoni. Akaonja ya pili. Akarudi ya kwanza, akanywa mpaka chini, akajifuta jasho kwenye paji la uso na upande wa kanga. Akasema: "Unaona sasa? Hii ndiyo nilikuwa nakwambia."

Ilikuwa yangu. Ya nusu saa.

Sikusema kitu.

#55 Kobe Mzee
😂😂 Ukweni siku zote wako sahihi, nilisema #2.

#56 Dada wa Duka la Dawa
Mtihani wako una kasoro. Robo saa kwa nusu saa, tangawizi hazikulingana. Mama alichagua tangawizi, mume alichagua mchaichai. Wote wamechagua sawa.

#57 Mzee Kigoda
Au mama amezoea sufuria isiyo na mfuniko kama sisi wa miaka ya 80, ya mfuniko anaifundisha tu.

#58 Msukuma wa Kahama
Au alijua ni yako akakuonea huruma. Umeolewa vizuri wewe.

#59 Bi Mdogo wa Ilala
Na mafua?

#60 Mke wa Msambaa
Mimi yameisha leo. Mume yameanza leo.

#61 Karani wa Kariakoo
Nani ana mashina ya mchaichai ya kupanda, upande wa Mbagala? Sokoni wanauza umekatwa juu, mizizi hakuna.

#62 Fundi Bomba
Ninayo, Chamazi. Njoo na kiroba na jembe, bure. Nyoka hakuna.

#63 Mtoto wa Wawi
Hakuna, au hujamuona?

#64 Fundi Bomba
@Karani wa Kariakoo njoo mchana.